Kinyesi Kimelegea, Kucheua Kumepungua: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kumwongezea Ng'ombe wa Maziwa Kirutubisho

Mfugaji anapoona maziwa yamepungua na kinyesi kimekuwa rojorojo, mara nyingi hununua kwanza mfuko wa madini, hamira au unga wa tumbo na kuumimina horini. Wakati mwingine ng'ombe hupata nafuu, lakini mara nyingi zaidi hapati, kwa kuwa kilichonunuliwa hakikuwa jibu la tatizo lililokuwepo. Mwongozo huu unafuata dalili zinazoonekana bandani, unaeleza vyanzo vyake, kisha unataja kirutubisho pale tu ambapo kina kazi ya kufanya. Kwa uzoefu wangu, vyanzo vingi vya matatizo ya mmeng'enyo wa chakula hupatikana katika namna chakula cha kila siku kinavyopimwa, kinavyokatwa na kinavyogawiwa, na hakuna unga wa ziada unaoweza kufidia kasoro hiyo.

Hali ya kawaida ya kulinganishia

Tumbo la kwanza la ng'ombe, yaani rumeni, ni kama pipa la kuchachushia lenye uwezo wa kubeba lita 100 hadi 200 kwa ng'ombe mkubwa. Ndani yake wanaishi bakteria na vijidudu wengine wanaovunja nyuzinyuzi za nyasi, na anayelisha ng'ombe huwalisha hao kwanza. Wakipata nyuzinyuzi za kutosha, protini, maji na mazingira yasiyo na tindikali kali, hutengeneza asidi nyepesi zinazompa ng'ombe nishati na malighafi ya mafuta ya maziwa. Baadaye wao wenyewe huteremka hadi tumbo la nne na utumbo mwembamba na kumeng'enywa kama protini. Ng'ombe huyalinda mazingira hayo kwa mate yake, kwa sababu mate yana bikaboneti inayotuliza tindikali, na ng'ombe anayecheua vizuri humeza zaidi ya lita 100 za mate kwa siku. Asipocheua, kinga hiyo hupungua.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, ni vyema kuangalia mambo manne. La kwanza ni kucheua: ng'ombe mwenye afya hucheua kwa jumla ya saa 6 hadi 8 kwa siku, na kila bonge analolirudisha mdomoni hulitafuna mara 50 hadi 70 kabla ya kulimeza tena. Mtu anayepita bandani wakati kundi limepumzika anapaswa kukuta angalau nusu ya waliolala wanacheua. La pili ni kinyesi, ambacho kikiwa kizuri huanguka kwa mshindo mzito na kujikusanya kama uji mzito wenye kimo cha sentimita 3 hadi 5 na kibonde katikati. La tatu ni ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu: ngumi ikikandamizwa hapo husukumwa nje kila rumeni inapojikunja, mara 1 hadi 2 kwa dakika. La nne ni kipimo cha mafuta ya maziwa, kwa mfugaji anayeweza kukipata, kwa kuwa kipimo hicho hubadilika mapema kabla ng'ombe hajaonekana mgonjwa.

Kinyesi laini chenye povu, mafuta ya maziwa yameshuka, hamu ya kula haitulii

Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia zaidi, na ndiyo yanayotibiwa vibaya zaidi. Ng'ombe hana homa. Leo anamaliza chakula, kesho anaacha nusu, keshokutwa anakula kwa pupa. Kinyesi kina mapovu madogo na hutofautiana kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine ingawa wote wamekula chakula kimoja. Mafuta ya maziwa yanaweza kushuka mpaka yakawa chini ya protini ya maziwa hayo hayo. Baada ya wiki kadhaa baadhi ya ng'ombe huanza kuchechemea kwa maumivu ya kwato, na wengi hawahusishi kwato na tumbo.

Chanzo cha kawaida ni tindikali iliyozidi katika rumeni kwa kiwango cha chini lakini kwa muda mrefu. Katika hali nzuri pH ya rumeni, yaani kipimo cha tindikali ambacho hushuka tindikali inapozidi, huwa kati ya 6 na 7. Ikishuka chini ya 5.6 kwa saa kadhaa kila siku, bakteria wanaovunja nyuzinyuzi hudhoofika, wale wanaopenda wanga huongezeka, na utando wa ndani wa rumeni huanza kuungua. Hali hiyo huletwa na wanga mwingi unaoliwa kwa mkupuo mmoja, nyasi zilizokatwa ndogo mno kiasi kwamba ng'ombe hana cha kucheua, au mabadiliko ya chakula yaliyofanywa kwa siku moja badala ya wiki 2 hadi 3 ambazo bakteria wanahitaji ili kuzoea.

Upo uchunguzi mmoja ambao kila mfugaji anaweza kuufanya bila gharama. Chukua kiasi cha vikombe viwili vya kinyesi kibichi, ukiweke kwenye chujio la kawaida, ukimiminie maji polepole mpaka maji yatoke safi, kisha utandaze mabaki juu ya kitu cheupe. Mabaki ya ng'ombe anayemeng'enya vizuri ni vipande vifupi vya nyasi, karibu vyote vikiwa na urefu unaofanana. Ukikuta punje nzima au vipande vikubwa vya nafaka na nyuzi ndefu zaidi ya sentimita 1, chakula kimepita rumeni upesi mno. Ukikuta ganda la kamasi linalonyumbuka, lenye umbo la bomba kama kipande cha utumbo mwembamba, jua kwamba uchachu umehamia kwenye utumbo mpana na umeujeruhi.

Niliwahi kuitwa kumtazama ng'ombe wa aina hii katika banda ambalo tayari lilikuwa na makopo matatu ya virutubisho rafuni. Mwenyewe aliapa kwamba hakubadilisha chochote: kopo lile lile, asubuhi na jioni, kama alivyofanya mwaka mzima. Tulipochuja kinyesi tulikuta mahindi tele. Alikuwa ameacha kununua pumba na kuanza kutumia mahindi yaliyoparazwa, akiyapima kwa kopo lile lile la lita 2. Kopo hilo hubeba takriban nusu kilo ya pumba za ngano, lakini likijazwa mahindi yaliyoparazwa huzidi kilo moja, na wanga wake ni mwingi zaidi. Kipimo hakikubadilika machoni, ilhali ng'ombe alikuwa anapata zaidi ya maradufu. Tangu siku hiyo jambo la kwanza ninaloomba ni mizani.

Marekebisho yafuate mpangilio huu. Kwanza, pima kila chakula kwa uzito. Pili, gawanya chakula cha nafaka ili kisizidi kilo 2 hadi 3 kwa mlo mmoja, na ng'ombe apewe nyasi kabla ya nafaka, hasa asubuhi anapokuwa na njaa. Tatu, hakikisha angalau nusu ya chakula chote, ikipimwa bila maji yake, ni nyasi, hei (nyasi zilizokaushwa) au saileji (malisho yaliyochachushwa) yenye urefu wa kutosha kuchochea kucheua. Vipande vya sentimita 2 hadi 5 vinafaa, kwa sababu vikiwa virefu sana ng'ombe huvichagua na kuviacha, na vikisagwa havifanyi kazi ya nyuzinyuzi hata kama karatasi ya uchambuzi inasema zipo. Hayo matatu yakifanyika, kinyesi huanza kushikana ndani ya siku chache, ilhali kwato zilizokwisha kuathirika huchukua miezi.

Baada ya hapo ndipo virutubisho vinapoingia. Sodiamu bikaboneti, ambayo ni soda ya kuokea, hutolewa kwa gramu 150 hadi 250 kwa siku kwa ng'ombe mkubwa, ikichanganywa vizuri na chakula; husaidia zaidi wiki za kwanza baada ya kuzaa, wakati wa joto kali na pale ambapo saileji ni nyingi. Isidhaniwe kuwa ni magadi makali ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza koo na tumbo. Oksidi ya magnesiamu hutumiwa pamoja nayo kwa gramu 50 hadi 90, lakini ni chungu, hupunguza ulaji ikizidi, na kwa wingi huharisha, yaani huleta dalili ile ile tunayojaribu kuiondoa. Hamira hai husaidia bakteria wanaotumia asidi ya laktiki na huondoa oksijeni kidogo inayoingia na chakula, mradi iwe hai kweli: mfuko uliokaa juani au bandani penye unyevunyevu umebaki na unga tu. Mimi huiona hamira kama msaada mzuri kwa kundi ambalo chakula chake tayari kimepangwa vizuri, na sijaona ikiokoa mpangilio mbovu.

Ng'ombe amevamia gunia la nafaka

Hapa hakuna nafasi ya kujaribu. Ng'ombe aliyekula nafaka nyingi ambazo hakuzizoea anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa, kisha ndani ya siku moja au moja na nusu akaacha kula, tumbo la kushoto likalegea na kutoa sauti ya maji likitikiswa, kinyesi kikawa cha maji chenye harufu kali na punje, akayumba na hatimaye akalala. Rumeni inaweza kushuka chini ya pH 5, na maji ya mwili huvutwa kuingia tumboni. Ondoa nafaka yote, mpe hei nzuri tu, na mwite daktari wa mifugo hata kabla dalili hazijatokea, kwa kuwa kazi ya kutoa au kutuliza nafaka hiyo ni rahisi zaidi mapema. Ng'ombe aliyelala na asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu kwa chupa, kwani kitaingia mapafuni.

Ubavu wa kushoto umevimba

Kujaa gesi kuna namna mbili, na tiba ya moja haitoshi kwa nyingine. Katika namna ya kwanza gesi ipo huru juu ya chakula lakini haitoki, kwa mfano kipande cha kiazi au embe kimekwama kooni, au ng'ombe amelala ubavu kwa muda mrefu. Mpira wa tumboni, yaani bomba linaloingizwa mdomoni hadi kwenye rumeni, ukipitishwa, gesi hutoka kwa kishindo na uvimbe hupungua papo hapo. Katika namna ya pili gesi imenaswa ndani ya povu zito, na mpira hutoa povu kidogo tu. Hii hutokea hasa ng'ombe wanapoingizwa na njaa kwenye mikunde michanga kama lusani na klova, au wanapolishwa nafaka iliyosagwa laini mno.

Kwa povu, mafuta ya kupikia yatokanayo na mimea, mililita 300 hadi 500, yakinyweshwa taratibu kwa ng'ombe aliyesimama, huvunja povu na kuiachia gesi. Ng'ombe asimamishwe miguu ya mbele ikiwa juu ya mteremko. Akianza kuhema mdomo wazi na kuyumba, dakika zinahesabika, na daktari anaweza kulazimika kutoboa rumeni kwa troka, chombo chenye ncha kali kilicho ndani ya bomba. Ili lisijirudie, walishwe hei kabla ya kuingia malishoni na waingie umande ukiwa umekauka. Kama ng'ombe mmoja tu anajaa gesi mara kwa mara huku wenzake wakiwa salama, usihangaike na chakula: fikiria waya au msumari uliotua kwenye tumbo la pili, jipu, au uvimbe unaobana koo.

Kinyesi kigumu, kikavu na cha mabaki marefu

Mara nyingi hali hii hutokea ng'ombe wanapokula mabua na nyasi zilizokomaa. Tumbo limejaa, lakini ng'ombe anakonda. Bakteria wa rumeni wanahitaji chakula chenye protini ghafi ya takriban asilimia 7 au zaidi ili waweze kuvunja nyuzinyuzi. Ikipungua, nyasi hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hula kidogo zaidi kwa sababu hana nafasi. Kirutubisho kinachofaa hapa ni cha protini, kama mashudu au majani ya mikunde. Madini hayatasaidia. Chunguza pia maji kabla ya kitu kingine chochote, maana ng'ombe anayetoa maziwa mengi anaweza kunywa lita 100 kwa siku, na birika lenye utelezi wa kijani au lililo mbali na hori hupunguza ulaji kimyakimya.

Urea hutumika kuongeza naitrojeni kwa bei nafuu, na ni hatari kuliko inavyodhaniwa. Isizidi kilo 1 katika kila kilo 100 za chakula mchanganyiko, ianzishwe kidogo kidogo kwa wiki 2 hadi 3, iambatane na chakula chenye wanga kama molasi au nafaka, na isipewe ndama ambao rumeni yao haijakomaa. Soya mbichi isichanganywe nayo, kwa sababu ina kimeng'enya kinachoigeuza urea kuwa amonia haraka. Ng'ombe aliyezidishiwa huanza kutetemeka, kutokwa mate, kuvimba na kuyumba kati ya dakika 20 na saa moja hivi. Lita 2 hadi 6 za siki pamoja na maji mengi ya baridi, yakitolewa upesi kwa mpira wa tumboni, hupunguza ufyonzaji wa amonia. Matofali ya kulamba yenye urea yawekwe mahali pasiponyeshewa. Nimeona maji ya mvua yaliyotuama juu ya tofali yakinywewa kwa mkupuo, na hayo ni urea iliyokwisha kuyeyuka.

Ng'ombe aliyezaa karibuni amekataa nafaka

Wiki za kwanza baada ya kuzaa, dalili za tumbo mara nyingi hutoka mahali pengine. Ng'ombe anayekataa chakula cha nafaka lakini bado anachukuachukua hei, anakonda upesi na pumzi yake ina harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva mno, yaelekea ana ketosisi: anatoa nishati nyingi zaidi kwenye maziwa kuliko anayoingiza. Propilini glikoli, kimiminika cha kumpa ng'ombe nishati, takriban mililita 300 mara moja kwa siku kwa siku 3 hadi 5, ina kazi hapa, na haina kazi kwa ng'ombe mwenye tindikali. Kinyesi kikiwa kidogo na cha kunata, na ubavu wa kushoto ukitoa mlio kama wa ngoma ya bati unapopigwa kidole huku ukisikilizwa kwa stetoskopu, tumbo la nne limehama, na hilo ni la daktari.

Ng'ombe mwenye masikio baridi, asiyenya, anayeyumba au kulala ndani ya siku 3 za kuzaa ana homa ya maziwa. Rumeni yake imesimama kwa kukosa kalisi kwenye damu, na kalisi ndiyo tiba. Cha kusikitisha ni kwamba wafugaji wengi humpa ng'ombe madini yenye kalisi nyingi katika wiki za mwisho za ujauzito wakiamini wanamkinga, kumbe mwili huacha kuitoa kalisi kwenye mifupa kwa kuwa inapatikana kwa urahisi, na siku ya kuzaa hushindwa kuitoa kwa kasi inayotakiwa. Madini ya ng'ombe aliyekaushwa maziwa na ya anayekamuliwa ni vitu viwili.

Anakula udongo, anatafuna mifupa, analamba kuta

Anayelamba kuta, jasho na mkojo anaelekea kukosa chumvi; gramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya chakula cha nafaka, au jiwe la kulamba lisilofunikwa na uchafu, hutosha. Anayetafuna mifupa na mbao anaelekea kukosa fosforasi, na mifupa yenyewe iondolewe mara moja kwa kuwa inaweza kubeba sumu ya botulizimu. Anayekonda na kukosa hamu penye nyasi nzuri anaweza kukosa kobalti, ambayo bakteria wa rumeni huitumia kutengeneza vitamini B12. Kuharisha kwa muda mrefu kukiambatana na manyoya yaliyopauka kunaweza kuwa upungufu wa shaba, lakini shaba ikizidi ni sumu inayojikusanya kwenye ini, kwa hiyo isiongezwe bila kipimo cha damu au ini, na kabla yake wachunguzwe minyoo, ikiwemo ile ya ini, pamoja na ugonjwa wa Johne, maambukizi sugu ya bakteria kwenye utumbo.

Chakula kina ukungu

Ulaji ukipungua kwa kundi zima mara baada ya kufungua gunia au shimo jipya la saileji, nusa na uangalie. Sumukuvu ya aina ya aflatoksini huonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja tangu iliwe, hivyo mnywaji anahusika. Udongo wa bentonaiti hunasa aflatoksini vizuri kiasi, lakini haunasi sumu nyingine za ukungu kwa uwezo huo huo, wala haukigeuzi chakula kilichooza kuwa salama. Chakula chenye ukungu kitupwe, hata kama kinauma mfukoni.

Kirutubisho chenyewe kinapokuwa chanzo

Mafuta yanayoongezwa ili kutia nguvu yakifanya mafuta yote ya chakula yazidi asilimia 6 au 7, huwadhuru bakteria wa nyuzinyuzi na mafuta ya maziwa hushuka. Monensini, dawa inayochanganywa na chakula ili kubadilisha kazi ya bakteria wa rumeni, inayotumika katika baadhi ya nchi na iliyokatazwa katika Umoja wa Ulaya kama kichocheo cha ukuaji tangu 2006, humuua farasi hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo isikae ghala moja na chakula chake. Na mifuko miwili yenye majina tofauti huweza kuwa na madini yale yale. Soma lebo zote mbili kabla ya kuzichanganya.

Jambo likiisha kurekebishwa, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha subiri wiki 2 hadi 3 huku ukiandika maziwa ya kila siku, hali ya kinyesi na idadi ya wanaocheua unapopita bandani saa ile ile. Kirutubisho kilichoonekana kusaidia kiondolewe kwa wiki 2 kwa baadhi ya ng'ombe na kibakizwe kwa wengine. Kama madaftari ya makundi hayo mawili yanafanana, fedha ya kirutubisho hicho inunue hei.